Injini Iko Mgongoni

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba gari langu la kutembelea lina viti viwili na injini yake iko nyuma ya mgongo wangu. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika kuhusu pikipiki. Haya, tuyazungumze. Kwanza masahihisho: nusu yenu mmeanza na "kaka". Mimi ni dada, tena dada mtu mzima ambaye magoti yake hulalamika kila anapojilaza chini ya gari. Pili, si fundi wa kusomea. Nilichoka kuambiwa "gari hili halina fundi" nikanunua spana zangu. Gari lenyewe ni Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, ya 2001, na huu ni mwaka wa 11 niko nalo.

SWALI: Dada, nataka gari lenye injini ya kati lakini mfuko wangu si wa Ferrari. Nianze na lipi? Rafiki yangu anasema nikimbilie lenye turbo moja kwa moja, nisije nikajuta baadaye. – Mwenye Hamu

JIBU: Tuelewane maneno kwanza. Injini ya kati maana yake imekaa kati ya viti na ekseli ya nyuma. Porsche 911 haimo: injini yake imening'inia nyuma ya ekseli, na hiyo ni tabia nyingine kabisa.

Zamani mpangilio huu ulikuwa wa magari ya mashindano na ya matajiri. Kilichotushushia sisi wengine ni ujanja mmoja mwepesi ajabu. Fiat walikuwa na 128, gari la familia linalovutwa na magurudumu ya mbele, injini imekaa kwa upana. Wakaichukua injini hiyo pamoja na giaboksi yake, wakaihamishia nzimanzima nyuma ya viti, Bertone wakaishonea bodi, na 1972 ikatoka X1/9. Pontiac Fiero na MR2 ya kwanza, zote za 1984, zilipita njia hiyohiyo. MG F ya 1995 nayo vilevile. Ukivua nguo za spoti unakuta moyo wa gari la kupelekea watoto shule.

Kwa hiyo mimi nikiliona gari la aina hii huuliza kwanza: injini yake ni ndugu wa nani? Spea za injini zitapatikana, maana ndugu zake wa milango minne ni wengi. Kioo cha mbele, taa za kuinuka, turubai la paa, kipande cha bati kilichofinyangwa kwa ajili ya gari hilo peke yake, hivyo ndivyo vitakavyokumaliza. Nunua bodi, injini itafuata. X1/9 nyingi zimeliwa na kutu hadi huwezi kupiga jeki bila kusikia bati linapasuka. Fiero ina ngozi ya plastiki, kwa hiyo inang'aa hata pale fremu iliyo chini yake imeoza. Usidanganywe na rangi. Porsche 914, iliyotengenezwa kuanzia 1969 hadi 1976, ina mahali pa betri ndani ya chumba cha injini ambapo asidi na maji ya mvua vimekuwa vikidondokea chesisi miaka yote hiyo. Wenye magari hayo wenyewe wanapaita shimo la jehanamu. Tia kidole, bonyeza. Kidole kikizama, aga kwa adabu uondoke.

Boxster ya kwanza, iliyotoka 1996, inawavuta wengi kwa sababu bei yake imeanguka sana. Bei ya spea haijaanguka. Ni gari zuri mno kuliendesha, nakiri, kuliko langu. Ila ina silinda sita zilizolala na beringi ya shafti ya kati ambayo ikivunjika huondoka na injini nzima, basi ukiliona uliza kama beringi hiyo imeshabadilishwa na udai karatasi. Kwa MR2 kama yangu, uliza kuhusu oili. Injini za mwanzo za kizazi hiki zina pistoni zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili; vikiziba, ringi zinaganda na injini inaanza kula oili. Kuna na balaa la pili: kwenye manifoldi ya ekzosi kuna vichujio viwili vidogo vya kauri karibu kabisa na injini. Vikianza kumeguka, chembe zake huweza kufyonzwa kurudi kwenye silinda, zikakwaruza kuta, injini ikala oili zaidi, oili hiyo ikaviharibu vichujio zaidi. Ni nyoka anayejila mkia. Fungua sensa ya oksijeni, chungulia kwa tochi: ukiona kitu kama sega la nyuki lisilovunjika, salama. Ukiona tundu tupu, uliza tundu hilo lilitobolewa na fundi au lilijitoboa lenyewe.

Lako mwenyewe ukishalipata, pima oili kila ukijaza mafuta. Injini hii hubeba lita tatu na ushei tu. Lita moja ikipotea si kidogo.

Kuhusu turbo: rafiki yako anataka kupanda gari lako, hataki kulilipia. Anza na lisilo na turbo, ujifunze linavyogeuka. MR2 ya kizazi cha pili yenye turbo ni gari la kuheshimiwa, na yale ya mwanzo, kabla Toyota hawajarekebisha saspenshini mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliwatia wengi mtaroni kwa kile nitakachokieleza kwenye barua inayofuata.

Mimi nilitazama matatu. La kwanza lilikuwa limepigwa rangi wiki hiyohiyo. La pili mwenyewe alikuwa ameliwasha kabla sijafika, injini tayari ya moto, na mtu anayekuwashia gari mapema ana jambo ambalo hataki ulisikie. La tatu lilikuwa na rangi ya fedha iliyochoka na kiti cha dereva kimechanika. Lakini kwenye droo mlikuwa na daftari la shule lenye kila lita ya mafuta iliyowahi kutiwa, kwa penseli, miaka sita. Sikuuliza swali jingine.

SWALI: Mvua ilikuwa inanyesha. Niliingia kona ninayopita kila siku, katikati nikaona nimezidisha mwendo, nikaachia mafuta. Gari likageuka lote. Sikugonga kitu, ila nilijikuta natazama nilikotoka. Fundi amekagua shokapu na boljointi anasema ni nzima. Kosa ni la gari au ni langu? – Niliyegeuzwa

JIBU: Pole sana, na hongera kwa kutogonga. Kosa ni lako. Usikasirike, mimi nilifanya lilelile, na nitakusimulia.

Fikiria mtu anayebeba maji kwa mzega, ndoo moja mbele na nyingine nyuma. Mwambie ageuke ghafla: ndoo zinamchelewesha kuanza, na akishaanza zinamchelewesha kusimama. Sasa mpe ndoo zote mbili azikumbatie kifuani. Atageuka kama pia. Injini ni ndoo yako nzito kuliko zote, na wewe umeikumbatia katikati ya gari. Ndiyo maana pua inaingia kona mara tu unapofikiria kona. Raha yote ya gari hili imo humo. Na hatari yake imo humohumo, kwa sababu kinachoanza kugeuka upesi huzidi kugeuka upesi, na wewe una muda mfupi wa kukizuia. Gari langu lina mita 2.45 tu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Sehemu ya nyuma ikitoka haikupigii hodi.

Kilichotokea mguu wako ulipoinuka ni hiki. Uzito wa gari ulikimbilia mbele. Tairi za nyuma, ambazo zilikuwa zinabeba mzigo mkubwa na kushika barabara kwa sababu ya mzigo huo, zikapunguziwa mzigo palepale. Wakati huohuo injini iliyokosa mafuta ikaanza kuzivuta zirudi, yaani ulipiga breki kwa magurudumu ya nyuma peke yake bila kujua. Na tairi za mbele zikaongezewa mshiko ukiwa bado umekata usukani. Mambo matatu, yote yanasukuma upande mmoja, juu ya lami yenye maji. Katika gari la kawaida la injini ya mbele, kuachia mafuta ndiko kunakokuokoa: pua inarudi ndani, unapumua. Mwili wako ulifanya kile ulichofundishwa na gari lako la zamani.

Sasa langu. Mwaka wa pili, mzunguko wa barabara, manyunyu ya kwanza baada ya ukame mrefu, lami imejaa vumbi na mafuta. Sikuwa nakimbia. Naapa sikuwa nakimbia. Gari la mbele yangu likasita, nami nikainua mguu, kama wewe. Nikaona nguzo ya taa, duka lililofungwa, kisha nguzo ileile tena, na nikasimama nikiwatazama watu waliokuwa nyuma yangu machoni. Mzee mmoja kwenye pikapu alininyooshea kidole gumba. Nilienda nyumbani kwa gia ya pili.

Tairi zilikuwa na kashata nene, nikajua haziwezi kuwa sababu. Halafu nikapiga magoti nikasoma ubavuni. Mwisho wa msimbo wa DOT kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Za nyuma zilikuwa na miaka tisa. Magari haya mengi hutembea kidogo na kulala sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla hazijaisha. Mpira unakauka na kuwa mgumu huku michoro yake ingali mizuri kama siku ya kwanza. Mwenye lile daftari alikuwa ameandika kila lita ya mafuta, lakini tairi hakuzibadilisha, na mimi kwa kulishangaa daftari lake sikuinama. Kasome zako leo, kabla hujamaliza ukurasa huu.

Ukiwa hapohapo chini, tazama na upana. Gari langu lilitoka kiwandani na 185 mbele na 205 nyuma. Si urembo. Wahandisi walitaka pua iteleze kwanza kabla ya mgongo, kwa sababu pua ikiteleza dereva wa kawaida anaelewa. Watu wanaweka nne zinazofanana ili zipendeze, au wanapanua za mbele peke yake, kisha wanashangaa gari limekuwa kali. Upepo nao ni hivyohivyo: langu linataka 26 mbele na 32 nyuma, na kila nikipita mahali pa kujaza upepo kijana ananijazia 35 kote kabla sijafungua mdomo. Nunua geji yako. Ukipata za kubadili mbili tu, mpya ziende nyuma. Na mbele na nyuma ziwe za mchoro mmoja.

Baada ya hapo ni mguu. Malizia breki usukani ungali umenyooka. Ingia taratibu kuliko unavyodhani inafaa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo na haubadiliki, kama unakanyaga yai. Ukigundua katikati kwamba umezidisha, ni vigumu sana kuufanya huu mguu ufanye hivi lakini ufanye: punguza kwa upole, nusu kidole, usinyanyue. Kama mgongo umeanza kutoka, macho yaende unakotaka kwenda, mikono itafuata. Kata usukani haraka kuelekea upande ambao mgongo unatokea, na uwe tayari kuurejesha katikati haraka vilevile, kwa sababu wengi huokoa kofi la kwanza wakapigwa la pili linalotoka upande mwingine. Likishakushinda kabisa, kanyaga klachi na breki zote mbili uende nalo.

Hayo hayajifunziki kwa kusoma. Tafuta uwanja mkubwa uliofungwa, usio na nguzo wala watu, wenye ruhusa ya mwenyewe, umwagiwe maji, na mtu anayejua akae kiti cha pili. Nilifanya hivyo siku moja nzima. Niligeuka mara nyingi nikaacha kuhesabu, na ilipofika jioni nilikuwa nalisikia gari likianza kutoka kupitia makalio kabla macho hayajaona. Samahani kwa neno, lakini ndiko kiungo hicho kilipo: umekalia katikati ya gari, kiuno chako ndicho kinachojua kwanza.

SWALI: Nimebadilisha maji ya rejeta mwenyewe. Sasa geji inapanda na kushuka, na hita nikiiwasha inatoa hewa baridi. Rejeta imejaa mpaka juu. – Mvuke

JIBU: Simamisha gari kwanza, tuongee likiwa limezimwa.

Una hewa ndani. Katika magari haya rejeta iko puani na injini iko mgongoni, kwa hiyo maji yanasafiri kwa mapaipu marefu chini ya sakafu, kwenda na kurudi. Kila kilima katika safari hiyo ni mahali pa hewa kujificha. Hita kutoa baridi wakati injini ni ya moto ndio ushahidi: maji hayaifikii. Na geji inayopandashuka ni mbaya kuliko inayopanda tu, maana sensa yake ikikaa kwenye hewa badala ya maji hukusomea uongo. Kuna watu wameunguza gasketi sindano ikiwa imetulia katikati kama haijui lolote.

Gari likipoa kabisa, na nasema kabisa, fungua koki za kutolea hewa zote. Gari lako litakuwa nazo mbele kwenye rejeta, mara nyingi kwenye paipu za hita, na mdomo wa kujazia uko nyuma kwa injini. Weka hita kwenye joto la mwisho. Jaza polepole kutoka nyuma, acha kila koki itoe maji yasiyo na mapovu ndipo uifunge. Washa, iache iunguruke yenyewe mpaka feni ya mbele iwake na kuzima mara mbili. Paipu zote mbili za mbele ziwe za moto mkononi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, pima tena. Karibu kila mara itakuwa imeshuka kidogo. Ongeza. Usitie maji matupu, tia kuulanti inayotakiwa, kwa kuwa mapaipu hayo marefu nayo huota kutu kutoka ndani.

Kama lako ni MG F, usilichezee hili hata siku moja. Injini yake ya K hubeba maji machache, na ikipungukiwa kidogo tu gasketi ya silinda hedi ndiyo inayolipa. Wenye busara hufunga kengele ya kiwango cha maji, inayolia maji yakipungua bila kusubiri joto lipande.

Na jeki! Mwaka wa nne niliweka jeki nilipoona panafaa, nikasikia mlio mdogo kama wa kopo linalokanyagwa. Lilikuwa paipu la maji. Halikuvuja, lilibonyea tu, nami nikajifanya sikusikia. Wiki tatu baadaye, kwenye mlima, nikaelewa kwa nini kitabu cha gari kina picha ya sehemu nne tu za kuwekea jeki.

SWALI: Mke wangu anauliza mizigo inakaa wapi. Nimejibu kwa kujiamini. Sasa naomba unisaidie kujua nimejibu nini. – Mume Jasiri

JIBU: Inategemea umeoa nani na umenunua lipi. Boxster ina buti mbili, mbele na nyuma, na X1/9 vilevile. Hapo jibu lako lilikuwa sahihi. MR2 mbili za mwanzo zina buti nyuma ya injini na kanafasi kadogo mbele. Zingatia kwamba buti hiyo ya nyuma imepakana na joto: nilishampandisha dada yangu kwenye gari la rafiki la aina hiyo, na mishumaa yake ya harusi ilifika ikiwa mshumaa mmoja. La kwangu lina visanduku viwili nyuma ya viti, ambavyo huvifikii mpaka ukunje viti, na shimo chini ya boneti linalogawana nafasi na tairi la akiba. Begi gumu haliingii. Mfuko laini unaingia ukipigwa ngumi mbili. Mwambie mkeo ukweli leo, kabla ya safari.

SWALI: Shikamoo mama. Nimerithi Boxster ya 1999. Kapeti chini ya kiti ina maji ingawa paa halivuji. Gari limegoma kufunguka kwa rimoti. – Mrithi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwashe kitu, toa betri. Paa la turubai huangushia maji kwenye mifereji, na mifereji ina matundu ya kuyashusha nje chini ya gari. Majani yakiyaziba, maji yanatafuta njia nyingine na njia hiyo ni kapeti yako. Kwenye gari lako kisanduku cha umeme kinachosimamia kufuli na ufunguo kimefungwa chini ya kiti, sakafuni, mahali pabaya kuliko pote. Kitoe, kifungue, kikaushe polepole, vingine hufufuka. Kisha zibua matundu kwa waya laini wa plastiki, usitumie chuma wala upepo mkali, maana utachomoa hozi ndani usikoweza kufika. Baada ya hapo fanya hivyo kila majani yanapopukutika. Aliyekuachia angekuambia hili kama angepata muda.

SWALI: Farasi 138 ni aibu. Nataka kutoa injini ya MR2 yangu niweke 2ZZ. Unasemaje? – Moto wa Kifuu

JIBU: Inaingia. 2ZZ ni injini ya Toyota ya lita 1.8 kama yako, ya ukoo mmoja, yenye farasi karibu 190, na ndiyo iliyokuwa kwenye Lotus Elise kuanzia 2004. Nimeliendesha moja lililofanyiwa hivyo. Juu ya mizunguko 6,000 linabadilika sauti kama mtu aliyetukanwa, na nilicheka peke yangu.

Sitakukataza. Nitakuuliza tu bushi zako zina miaka mingapi. Gari hili lina uzito wa karibu tani moja. Farasi 138 wanalivuta bila kulalamika, na siri yake ni kwamba unaweza kukanyaga mafuta yote na bado ukawa kwenye mwendo ambao sheria inauvumilia. Mimi fedha ya injini niliitia kwenye tairi, bushi zote, mafuta mapya ya breki na alainmenti iliyofanywa na mtu aliyekubali kupima magurudumu yote manne. Gari lililorudi sikulitambua. Fanya hayo, endesha miezi sita. Ukibaki na aibu yako, toa injini.

Anayesema farasi wachache ni aibu hajakaa kwenye Honda Beat: cc 656, farasi 64, injini ya kati, na kila aliyeshuka humo niliyemwona alishuka anacheka.

SWALI: Nyuma yangu kuna mlio kama sarafu ndani ya kopo. Unakuja nikiwasha asubuhi, unapotea, unarudi nikifika mizunguko 2,000. Fundi anasema tushushe injini. – Sikio

JIBU: Asishushe kitu bado. Wewe una bahati ambayo wenye magari ya kawaida hawana, injini iko sentimita chache kutoka kisogoni kwako. Mimi langu nalijua kwa sauti kuliko kwa macho: mlio wa injekta, mnong'ono wa cheni ikiwa baridi, feni inayoendelea kuvuma dakika moja baada ya kuzima. Sauti mpya naitambua kabla ya taa yoyote ya dashibodi.

Mlio unaokuja kwenye mizunguko fulani tu na kupotea ukiipita mara nyingi ni kitu kinachotetemeka. Kwenye magari haya chumba cha injini ni kidogo na cha moto, na mabati ya kukinga joto la ekzosi hulika kwenye boliti zake mapema. Gari likipoa, gonga kila bati kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Ukisikia ile sarafu yako, umempata. Lifunge kwa klempu ndefu ya hozi, ya chuma, uizungushe kwenye bati na paipu. Kisha washa, mtu mwingine ashike mizunguko 2,000, nawe usikilize ukiwa umesimama kando, nywele na mikono mbali na mikanda.

Kama bado unalia, shika mpini huohuo, ncha moja sikioni na nyingine kwenye kifuniko cha cheni, kisha kwenye sampu, kisha kwenye alternata. Niandikie ni wapi unasikika kwa nguvu zaidi, na kama unabadilika ukikanyaga klachi. Mwambie fundi akusubiri mpaka nijibu.